Lupango Letu na Jukwaa la Filamu

Mama yangu ana tabia moja mbele ya televisheni, na kila mtu wa lupango letu, ua huu mmoja tunaokaa pamoja, anaijua. Kanzu na kofia nyeupe zikitokea tu kwenye kioo, anainuka. Anakaza kitenge kiunoni, anaingia jikoni, na muda si mrefu tunasikia sufuria zikigongana bila sababu yoyote. Harudi mpaka filamu iishe, na akirudi haulizi iliishaje.

Simlaumu. Sisi ni Waislamu wa Kisangani, wa zile familia zilizofika na biashara ya zamani ya mto, ya pembe na hata ya watumwa, biashara ambayo si yote ya kujivunia. Wazee wetu walioa hapa, wakazaa hapa, wakazikwa hapa. Leo tunashona nguo, tunauza vitambaa, tunatengeneza milango na vitanda, tunagombana na majirani kuhusu maji ya mvua kama watu wengine wote. Lakini katika filamu zinazotoka mji mkuu mtu wetu ana kazi moja tu. Amekaa kwenye mkeka ndani ya chumba cha giza, tasbihi mkononi, macho yamepakwa wanja, na mwanamke wa mjini amemjia kununua dawa ya kumrudisha mume. Anampa chupa. Mwanamke anaondoka, na mtu wetu hatumwoni tena. Hatujui kama ana watoto. Hatujui hata kama siku hiyo alikula.

Jirani yetu, mwanamke aliyepanga vyumba viwili upande wa nyuma, ni wa familia za wavuvi wa kule kwenye maporomoko, wanaosimama juu ya miti iliyochomekwa majini kutega samaki. Ni Mkristo, mwimbaji wa kwaya, mwepesi wa kucheka. Siku moja Mama alipoinuka kwenda kwa sufuria zake, jirani alimwita kwa Kifaransa cha ujirani, kutoka kwenye mkeka.

"Voisine, ninyi hata chupa iko. Siye banatusimamishaka tu juu ya miti ndani ya mayi, hatusemi kitu, camera inapita."

Mama alicheka huko huko jikoni, lakini hakurudi.

Mimi, binti yake, ndiye niliyeingia kwenye jukwaa la mtandaoni, na niliingia kwa hasira. Nafanya kazi Makiso, katikati ya mji, katika duka dogo la kuchapa na kutoa nakala, na mchana wateja wakipungua kompyuta inabaki bila kazi. Siku moja, baada ya filamu nyingine ya chupa, nilitafuta mahali pa kulalamika. Nikakuta jukwaa la watu wanaojadili filamu na tamthilia kwa Kifaransa, linaloendeshwa kutoka Ulaya, na ndani yake chumba kizima cha tamthilia za kwetu Afrika. Watu walikuwa wakibishana humo kurasa kwa kurasa juu ya nani alistahili kuachwa na nani alistahili kufa. Niliandika swali moja tu: kuna mtu yeyote humu aliyewahi kumwona Mwislamu wa Kongo kwenye kioo akinunua mkate?

Jioni nilipofungua simu, majibu yalikuwa yamejaa. Mmoja alinitukana. Mwingine, wa Dakar, alishangaa kusikia kwamba Kongo ina Waislamu. Mwanamke mmoja mwenye ualbino aliandika kwamba afadhali mimi, kwani watu wa aina yake kwenye filamu hawafiki nusu bila kuuawa, na kama hawakuuawa basi wao ndio walioleta laana. Nilisisimka mpaka chakula kikapoa. Sikuwa najua kwamba hasira yangu ilikuwa na ndugu wengi kiasi hicho.

Nilimsomea shangazi. Huyu ni dada ya papa, yaani wa baba yangu, anaishi nasi tangu awe mjane, na hajawahi kusikia ugomvi akaupita bila kusimama. Alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, barazani.

"Alors, umebajibu nini?" akauliza.

"Bado, tante."

"Bado? Leta. Andika."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Tangu siku hiyo, kila jioni nikitoka kazini, nilikaa kwenye ngazi ya baraza na simu mkononi, wanawake wamezunguka beseni la sombe au la ndizi za kumenya, nami nikawasomea yaliyoandikwa, nikiyageuza kutoka Kifaransa kuwa Kiswahili chetu. Wao wanajibu. Mimi ninageuza tena na kutuma. Mikono haikuacha kumenya. Jina letu la mtandaoni lilikuwa la samaki mmoja wa mto, jirani ndiye aliyelichagua, na kwa miaka mingi watu wa jukwaa waliamini kwamba samaki huyo ni mtu mmoja, tena mwanamume.

Penye wengi pana mengi. Shangazi anataka kila mtu mbaya afe, na asife upesi. Jirani anasamehe wote, hasa akitoka kwaya. Kulikuwa na tamthilia ya daktari aliyemwibia kaka yake mchumba, na nakumbuka shangazi akinyoosha kisu cha kumenyea.

"Andika: ule docteur akufe. Bamutilie sumu."

"Hapana, tante," jirani akasema. "Mutu anaweza kubadilika. Andika bamusamehe."

Niliandika yote mawili, moja chini ya lingine, na kuyatuma pamoja. Mtu wa Brussels akajibu kwamba samaki wa Kisangani ana huruma asubuhi na jioni anataka watu wanyongwe, na kwamba itafaa aende akapimwe akili. Tulicheka mpaka beseni likapinduka.

Mama hakuwamo. Alisema mambo ya watu wasioonana uso kwa uso hayamhusu. Lakini jikoni kwake ni hatua chache kutoka barazani, na niligundua kwamba nikianza kusoma, sufuria zinanyamaza. Nikipunguza sauti kwa makusudi, anakohoa.

Nilikuwa nimewaeleza watu wa jukwaa tabia yake ya kuinuka. Sikutegemea watalipenda jambo hilo, lakini walilipenda kupita kiasi. Ikawa ndiyo mizani yao. Filamu mpya ikitoka, yenye mtu yeyote wa kabila dogo au dini ndogo au mwili usio wa kawaida, kabla ya kuuliza kama ni nzuri waliuliza: Mama wa Kisangani ameinuka? Hata pale ambapo filamu haikuwahusu Waislamu, waliandika hivyo. Yule mwenye ualbino aliandika mara moja, Leo mimi mwenyewe nimeinuka kama Mama. Nilimsomea Mama maneno hayo kupitia mlango wa jikoni. Chakula cha jioni hiyo kilikuwa kitamu kuliko kawaida.

Katika jukwaa kulikuwa na mwanamke mmoja wa mji mkuu tuliyebishana naye tangu mwanzo. Alikuwa na akili kali na hakukubali jambo kirahisi. Nilipolalamika juu ya chupa, aliniuliza nataka nini badala yake, na nilipojibu kwa hasira, aliuliza tena. Kisha siku moja akatuambia siri. Kazi yake ilikuwa kuandika tamthilia. Waliomwajiri walimkataza kuzungumza na watazamaji, kwa hiyo hakutaka kutoa jina wala namba, na mazungumzo yetu yatabaki humo humo. Alikuwa anaandika tamthilia mpya, na katika sehemu yake ya mwisho kutakuwa na nyumba ya Waislamu hapa Kisangani. Alitaka kujua mama wa nyumba kama hiyo yukoje.

Jioni hiyo lupango liligeuka soko. Kila mtu alikuwa na mama wa kutoa. Mama huyo aswali vipindi vyote, akasema shangazi. Asiinue sauti. Alishe maskini. Jirani, ambaye hata si wa dini yetu, alisema ni lazima mama huyo awe na mikono laini, sijui kwa nini. Mimi niliongeza kwamba ajue kusoma, awe mwerevu, awe mzuri wa sura. Nilituma ukurasa mzima.

Mwandishi alijibu kesho yake. Mmeniletea malaika, aliandika. Malaika hana wivu, haoni njaa, hagombani na mtu. Nitamfanyisha nini kwa saa nzima?

"Amufanyishe kuomba Mungu," shangazi akasema, na hakuwa anatania.

Mimi nilikasirika kweli. Nilimwandikia kwamba wametupa wachawi miaka yote, kwa hiyo hata malaika mmoja wa fidia hawezi kutuumiza. Akajibu kwa mstari mmoja: malaika na mchawi wote hawanunui mkate. Maneno yale yalinichoma kwa sababu yalikuwa yangu, ya lile swali langu la kwanza.

Tamthilia ilianza kuonyeshwa mwaka huu, sehemu baada ya sehemu, na sisi tuliipata Makiso, kwenye kibanda cha dada mmoja anayepakia filamu kwenye flashi. Tuliifuata yote, tukisubiri ile ya mwisho. Na hapo ndipo ukatoka ujumbe wa wenye jukwaa. Walishukuru, wakasema watu siku hizi wako kwenye video fupi za simu, waliobaki humu ni wachache na gharama ni kubwa. Jukwaa litafungwa Jumapili saa kumi na mbili jioni, na yote yaliyoandikwa yataondolewa. Watu waliandika maombi wasifunge, tena maombi mazuri yenye machozi, lakini dua la kuku halimpati mwewe.

Niliposoma ujumbe ule barazani, mikono yote iliacha kumenya. Kisha shangazi akauliza kama Jumapili hiyo ni hii au ile nyingine. Ilikuwa ile nyingine. Tulikuwa na wiki moja na siku mbili, na sehemu ya mwisho ya tamthilia ilikuwa itoke Jumapili hiyo hiyo asubuhi.

Sijawahi kuona wiki kama ile. Watu waliokuwa wamepotea miaka walirudi jukwaani kumaliza ugomvi wao. Walichimbua filamu za kale, wakaombana radhi, wakatukanana upya kwa furaha. Yule wa Brussels alirudi kusema kwamba ameitazama tena tamthilia ya daktari, na samaki alisema kweli, yule daktari alipaswa kutiliwa sumu. Shangazi alizunguka lupango lote akiwa na ushindi huo, akamweleza hata muuza mkaa. Siku ya Jumatano tuliamua kusema ukweli, kwamba samaki ni wanawake watatu, mmoja anaandika na wawili wanasema, na wa nne anakohoa jikoni. Hakuna aliyeshangaa sana. Walisema walidhani ni mume na mke walio katika ndoa mbaya.

Lakini swali lilikuwa moja, na kila mtu aliliandika kwa namna yake: Jumapili, Mama atainuka au hatainuka? Mwandishi mwenyewe aliandika Ijumaa. Mkalishe mama yako, akasema. Nimeandika sehemu hii nikimfikiria yeye kuliko walionilipa. Akiinuka, uniambie. Akibaki, uniambie. Nahitaji kujua kabla hawajafunga, maana baada ya hapo hamtanipata nami sitawapata.

Nilimsomea Mama neno kwa neno, nikiwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa akikung'uta unga. Nilitaka jambo hili kuliko nilivyotaka mambo mengi makubwa. Nilitaka mara moja tu katika maisha yake akae mpaka mwisho, aone mtu wetu kwenye kioo, asitamani kujificha.

"Mi nitakaa pembeni ya mulango," akasema. "Bakileta chupa, jikoni iko karibu."

Jumapili nilifika kibandani kabla hakijafunguliwa. Yule dada alipokuja alinikuta nimeegemea kufuli lake. Mtandao ulikuwa mzito, faili lilishuka kidogo kidogo, nami nikawa nakaa, nasimama, nakaa, mpaka akaniambia niende nikatembee. Sikwenda. Alipoichomoa flashi, alasiri ikikaribia, niliifunga ndani ya leso, nikapanda toleka, na yule mwenye baiskeli akaniuliza kama kuna mgonjwa, kwa jinsi nilivyomhimiza. Nikamwambia yuko mtu anayeningoja. Alikanyaga kweli kweli, nami nikashikilia kiti chake kwa mikono miwili, barabara ya mashimo yote, nikicheka peke yangu.

Umeme ulikuwepo, jambo ambalo peke yake lilistahili kuandikwa jukwaani. Tukaitoa televisheni barazani. Jirani alikuwa ametoka kwaya na hakubadili nguo. Shangazi aliswali alasiri kwa haraka ambayo sitaieleza. Mama alileta kigoda chake, akakiweka pale alipokuwa ameahidi, mguu mmoja barazani na mgongo kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Simu ilikuwa mapajani mwangu, jukwaa limefunguliwa, na huko watu walikuwa wakisubiri.

Kioo kikawaka, na ikaonekana nyumba. Nyumba yenye mwanga. Msala umekunjwa juu ya kiti, ndoo za maji zimepangwa ukutani, kandambili mlangoni, moja imekatika. Mama wa nyumba alikuwa akitwanga lituma, ugali wetu wa ndizi, jasho linamtoka, na alipofungua mdomo alisema Kiswahili cha kwetu, kile tunachokisema tukidhani hakuna anayesikiliza. Shangazi alinishika mkono kwa nguvu. Nilimtazama Mama. Alikuwa ametulia, uso haunipi habari yoyote.

Hadithi ilikuwa hivi. Binti wa nyumba ile anapendana na kijana wa wavuvi wa maporomoko, na kijana amekuja na wazazi wake kujitambulisha. Kijana huyo alisema. Jamani, alisema. Alianza tangu mlangoni, akaeleza safari yao, bei ya nyavu, homa ya bibi yake, na hakuna aliyemnyamazisha.

"Kumbe tunasemaka," jirani akasema polepole. "Huyu anapita hata bwana yangu kwa kusema." Alikuwa akicheka, na kope zake zilikuwa zimelowa.

Kisha mama wa kwenye kioo akaingia jikoni kuwapakulia wageni. Alifungua sufuria. Kulikuwa na samaki mkubwa, amepikwa vizuri. Akatazama nyuma kama kuna anayemwona. Akachukua minofu yote minene ya katikati, akaiweka kwenye bakuli, akaifunika, akaisukuma chini ya meza. Kwenye sahani ya wageni akaweka mikia.

Nilimchukia mwandishi yule kwa kila nilichonacho. Miaka yote ya kumweleza, kurasa zote zile, na yeye anakwenda kuionyesha nchi nzima kuwa tunaficha chakula. Afadhali chupa. Niliona mkono wa Mama ukishuka kiunoni na kukaza kitenge, na nikajua yamekwisha.

Mama aliinua makalio, akashika kigoda chake, akakisogeza mbele. Mbele kabisa, mpaka akawa amemziba jirani.

"Wewe mama," akakiambia kioo, "rudisha ile samaki."

Sikuelewa. Mama wa kwenye kioo hakurudisha. Alitoka na mikia yake, akaiweka mbele ya wageni, akasema karibuni, na wageni wakala kwa adabu.

"Ule mama iko na choyo," Mama akasema. "Mugeni anatoka mbali na mutoto yake, unamupatia mukia?"

"Semeki, iko na uchungu," shangazi akamwambia Mama, wifi yake. "Banakuya kumubebea mutoto."

"Uchungu iko ya moyo. Samaki iko ya sahani."

Wakaanza kubishana, nao walikuwa wakibishana juu ya yule mwanamke kana kwamba amehamia mtaa wa pili. Kama alimpenda binti yake au alijipenda mwenyewe. Kama mume wake anajua. Mimi nilikuwa bado na hasira, nikamwuliza Mama jambo nililoliogopa.

"Mama, hauogope batasema siye yote tuko na choyo?"

Alinigeukia kana kwamba nimemkatiza mazungumzo ya watu wazima.

"Nani anasema siye yote? Minasema ule."

Miaka yote Mama alipoinuka, alikuwa akimkimbia mtu aliyebeba majina yetu wote ndani ya chupa moja. Huyu hakubeba mtu. Alikuwa mwanamke mmoja mwenye choyo, katika nyumba moja, siku moja, na Mama alikuwa huru kumchukia. Furaha ilinipanda. Niliandika upesi: Hakuinuka. Amesogea mbele. Amemkasirikia.

Jukwaa lililipuka. Majibu yalishuka kwa kasi ambayo macho hayakuweza kufuata. Yule wa Dakar, yule wa Brussels, watu ambao sijawahi kuona majina yao. Mwenye ualbino aliandika neno moja tu, Hatimaye. Na katikati yao mwandishi: Amemkasirikia kwa nini? Nataka maneno yake.

Nikamsomea Mama. Nilitegemea akatae, kama kawaida yake. Alifuta mikono kwenye kitenge ingawa ilikuwa mikavu, akaketi sawasawa.

"Mwambie hivi," akasema. "Mwambie ile samaki minaijua."

Filamu ilikuwa imeisha bila sisi kuona ilivyoisha. Mama alianza kueleza, nami nikaanza kuandika. Alipoolewa katika nyumba hii, alisema, mama mkwe wake alikuwa akipakua vilevile. Vipande vya katikati vinafunikwa, bibi harusi anapata mkia, na mbele ya watu anaitwa mwanangu. Alikula mikia mpaka alipopata mimba ya kwanza. Hakumwambia mumewe wala mama yake mzazi, kwa sababu nyumba yetu ilisifiwa mji mzima kwa ukarimu, na nani angemwamini.

Mama mkwe huyo alikuwa mama mzazi wa shangazi. Nilisimamisha vidole. Jirani alijifanya kukusanya vikombe. Shangazi alikuwa ametazama sakafu, na mimi nilihofia kwamba jioni ile nzuri itavunjika.

"Kweli," shangazi akasema. "Chini ya kitanda. Siye batoto tulikuwa tunajua."

"Mulikuwa munajua," Mama akasema.

"Tulikuwa tunakula, semeki."

Mama alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu aliyetua mzigo akashangaa mabega yake kuwa mepesi. Shangazi naye akacheka, kwa aibu, na mwandishi akaandika: Usiache. Nataka yote. Endelea.

Mama akaendelea. Sijawahi kumsikia akisema kiasi kile kwa mfululizo. Alisema mama wa kwenye kioo alikosea pia kumtazama kijana miguuni badala ya usoni. Alisema ana sababu, lazima ana sababu, kwani hata mama mkwe wake alikuwa nayo. Alikuwa amewahi kulala njaa utotoni, wakati wa vita vya zamani, na mtu aliyelala njaa hafuniki samaki kwa ubaya tu. Alisema mama huyo akitengenezwa tena, huyo mwandishi aonyeshe hilo, aonyeshe ile njaa, halafu amlete bibi harusi kama alivyokuwa yeye, aingie chini ya kitanda na kula bakuli lote, maana yeye alilitamani kila siku na hakuthubutu. Nilikuwa nageuza kwa Kifaransa kwa kasi, natuma kipande kwa kipande, na kila kipande mwandishi anajibu, Ndiyo, Ndiyo, endelea.

Nikatuma kile cha bakuli. Hakikuondoka. Nikabonyeza tena. Ukurasa ulikuwa mweupe, na juu yake maneno mawili ya kuaga. Nikatazama saa kwenye pembe ya simu: saa kumi na mbili ilikuwa imefika.

Shangazi aliona nilichokiona. Akanitazama, kisha akamtazama Mama.

"Bamejibu?" Mama akauliza. Uso wake ulikuwa umewaka kama wa msichana, na alikuwa amesogeza kigoda mpaka magoti yake yakagusa yangu.

"Bado, mama."

"Bon, batajibu. Andika tena. Siku ya kwanza alinipatia mukia, nilivaa kitenge ya rangi ya majani, na nilikuwa na njaa sana."

Nikaandika.